Kitanda cha Mfupa

Mkuu wa kituo alisema mara moja, na hakuwa mtu wa kurudia: saa nane mchana jalada liwe kwa mwendesha mashtaka, na yule fundi wa makumbusho asimame mbele ya hakimu kabla ofisi hazijafungwa.

"Ushahidi si ndio huu?" alisema, akigonga karatasi kwa kalamu. "Daftari la stoo linaonyesha yeye ndiye wa mwisho kuingia. Ufunguo anao. Mlinzi kamwona anatoka na kitu kirefu kimefungwa shuka. Unataka nini tena, mfupa wenyewe uje kutoa ushahidi?"

"Ungekuja ningefurahi, afande," alijibu Futi Nne, ambaye wakati huo alikuwa ameshainuka kitini mara tatu.

Jina la Futi Nne alilipata chuo cha polisi, siku walipopangwa mstari kwa kimo naye akawa wa mwisho kabisa, mwalimu akauliza huyu mtoto wa kike kaja na nani. Hasa alikuwa na futi nne na inchi kumi, lakini utani hauna haja na inchi. Sasa alikuwa inspekta, na baadhi ya waliomcheka walimpigia saluti. Vyeo vilipanda, jina likabaki palepale. Kukaa kitako alikuwa hawezi tangu utoto, na kesi hii ilimzidishia ugonjwa huo.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Jumatano asubuhi mfupa wa paja wa Babu Mrefu haukuonekana kwenye droo yake. Babu Mrefu ndiye mtu wa kale aliyeipa makumbusho ile sifa. Sanamu yake ilisimama mlangoni, na hakuna mtoto wa shule aliyetoka pale bila kupiga naye picha. Profesa wa pale ndiye aliyeufukua mfupa huo miaka ishirini na miwili iliyopita, akauandikia kitabu. Jumatatu ijayo wataalamu wageni wangekuja kuupima upya. Leo ilikuwa Ijumaa, na fundi, mzee wa kusafisha na kuunga mifupa aliyekuwa pale kwa miaka thelathini na moja, alikuwa mahabusu siku ya pili.

Kwenye benchi la mapokezi alikaa mke wa fundi, kibakuli cha chakula mapajani, mkongojo ubavuni. Kila aliyepita na sare, bibi alimwuliza swali lilelile.

"Mwanangu, mzee wangu anarudi leo?"

"Shikamoo, mama. Bado sijajua." Futi Nne alichutama mbele yake. "Huu mkongojo umevunjika lini?"

"Marahaba. Wiki iliyopita. Jumanne mzee akaenda nao kazini, akauunga kwa gundi yake ya mifupa. Kwangu kila kitu kimeungwa kwa gundi hiyo, hata kikombe chake cha chai."

"Akaurudisha ameubeba vipi?"

"Kaufunga kwenye shuka langu la maua, gundi isimchafue." Bibi akashusha sauti. "Profesa alikuja jana kuniona. Akanishika mkono, akaniambia tumwombe Mungu tu. Yule ni kama ndugu yetu."

Futi Nne alitoa mfukoni futikamba ya kitambaa, ile aliyoachiwa na marehemu mama yake aliyekuwa mshonaji, akainyosha kwenye mkongojo. Sentimita themanini na nane. Katikati palipita mstari wa gundi ya kahawia.

"Mama, nitauchukua huu kwa muda. Ni kielelezo."

"Na mimi nitatembelea nini?"

Swali hilo lilimkera Futi Nne njia nzima.

Mlinzi wa makumbusho aliombwa aonyeshe kwa mikono yake urefu wa kile kitu. Akatanua mikono. Futi Nne akamwambia atulie hivyohivyo, akampima kutoka kiganja hadi kiganja kama anayemshonea shati: themanini na tano. Kisha Sajenti, msaidizi wake, akautoa mkongojo garini, umefungwa kwenye shuka la maua lililoazimwa kwa bibi.

Mlinzi alijikuna kisogo. "Afande, kama si hicho basi ni pacha wake."

"Kwa nini hukumkagua?"

"Mzee yule ana miaka thelathini na moja hapa. Mimi nina miezi tisa. Nimkague kwa uso gani?"

"Na Profesa?"

"Profesa ndiyo kabisa, hunifungulia mkoba mwenyewe. Jumanne jioni alinisimamisha mbele ya watu, nikague mpaka mifuko ya koti. Nikasema jamani, wakubwa wote wangekuwa hivi!"

Futi Nne aliliandika hilo, akalipigia mstari. Akasogea kwenye sanamu ya Babu Mrefu, akapanda jukwaani na kuipima kutoka unyayo hadi utosi. Mita moja na sentimita hamsini na mbili.

"Hata watu wa kale wananipita," alisema.

Sajenti, mtu mnene mwenye moyo mzuri, alikohoa ili asicheke. "Lakini bado kuna daftari na ufunguo, afande."

Stoo ya mifupa ilikuwa chumba kirefu chenye harufu ya vumbi na dawa, makabati ya chuma kila upande. Droo ya Babu Mrefu ilikuwa wazi tangu Jumatano. Ndani mlibaki sponji nyeusi tu, na katikati ya sponji shimo lenye umbo la mfupa. Fundi alikuwa akikatia kila mfupa kitanda chake: kila nundu na bonde lake, kila kichwa na mviringo wake, na pembeni kijinafasi cha kuingiza kidole ili uuinue bila kuukwaruza. Mwizi alikuwa amechukua mfupa, na vipande vya plasta vilivyonakiliwa kutoka kwake, na kalibu ya kuvinakilia. Kitanda alikiacha. Nani anaiba shimo?

Futi Nne alipitisha futikamba shimoni. Akapima tena. Mara ya tatu akamwita Sajenti asome mwenyewe.

"Ishirini na nane," Sajenti alisoma.

"Karatasi yetu ya msako inasemaje?"

Sajenti aliikunjua. "Mfupa wa paja, rangi ya kahawia iliyokoza, mzito kama jiwe, urefu sentimita arobaini. Maelezo ya Profesa, kutoka kwenye kitabu chake." Akatazama shimo, akatazama karatasi. "Labda ulilala umejikunja."

"Mfupa haujikunji, Sajenti."

Alifungua droo ya jirani, na nyingine, na nyingine. Sponji zote zilikuwa zimefifia na kuchakaa kingoni kwa uzee. Ya Babu Mrefu ilikuwa mpya, kingo kali. Saa tano na nusu. Futi Nne alishuka ngazi mbilimbili, Sajenti akihema nyuma.

Fundi alikuwa amekaa sakafuni mahabusu, mgongo umenyooka ukutani. Aliitikia shikamoo kwa utulivu uliomuudhi Futi Nne, maana yeye alikuwa ameanza kupima chumba kwa hatua.

"Mzee, nani amechukua mfupa?"

"Sikumwona mtu."

"Unamdhania nani?"

"Dhana si ushahidi, mwanangu. Wewe ndiye askari."

"Saa nane unapelekwa mahakamani. Wajua?"

"Najua."

"Mkeo amekaa benchini tangu jana. Hilo je, unalijua?"

Fundi alifumba macho kidogo. Iliuma, ilionekana.

"Haya," alisema Futi Nne, akachutama. "Tuache watu. Nikikuuliza habari za kazi yako utajibu?"

"Kazi uliza hata mpaka kesho."

"Kitanda cha Babu Mrefu kina sentimita ishirini na nane. Kitabu kinasema arobaini."

Kwa mara ya kwanza mzee alimtazama sawasawa. "Umekipima?"

"Mara tatu."

"Basi nikueleze." Akaanza kuchora sakafuni kwa kidole. "Mfupa ulipatikana vipande viwili, cha nyonga na cha goti. Katikati palikosekana. Mfupa wenyewe mnene, basi ikasemwa mwenye paja nene namna hii lazima alikuwa mrefu kuliko wenzake wote wa enzi ile. Ikaachwa nafasi ya shibiri nzima katikati. Ndiyo arobaini yenu. Mwezi uliopita nilikuwa nasafisha gunia la makombo ya shimo lilelile, makombo ya tangu mwaka ule, nikaokota kipande cha sentimita nane. Nikakiweka katikati. Kikaingia kama mlango na fremu yake, hakuna pa kupitisha hata unywele."

"Ukauunga."

"Nikauunga, nikaukatia kitanda kipya."

"Kwa hiyo Babu Mrefu..."

"Si mrefu. Na kichwa cha mfupa kilivyo kidogo, nadhani hata si babu." Tabasamu likampitia. "Ni bibi mmoja mfupi, mita moja na kidogo. Mnene wa mapaja, mwenye nguvu, wa kupanda na kutembea. Mtu mzuri tu."

Futi Nne alijikuta anampenda bibi huyo. Akarudi kwenye kazi. "Nani mwingine alijua?"

Mzee alirudia kuuchora mstari uleule sakafuni.

"Mzee, ulimwonyesha nani?"

"Mtu aliyenifundisha kazi. Mimi nilikuja pale dereva. Yeye ndiye aliyenipa brashi mkononi akaniambia jaribu." Fundi akafuta mchoro kwa kiganja. "Nilimwonyesha yeye kwanza, ndiyo heshima. Akasema asante. Akaniomba ninyamaze mpaka aandike mwenyewe. Sasa umerudi kwenye watu, mwanangu."

Hakuhitaji kumtaja. Futi Nne aliinuka, akazunguka, akarudi. Alifikiri kwa sauti, kama kawaida yake. Mtu aliyeutafuta mfupa juani miaka mingi hatauvunja. Ufunguo wake anao, na mkubwa haandikishwi daftari. Kuutoa nje hakuutoa, kwa maana alijisimamisha akaguliwe. Hataki upotee, hataki upimwe. Basi umo mle mle.

"Mle stoo kuna mifupa mingine yenye rangi na uzito kama huo?"

Mzee alivuta pumzi. "Nyani wa kale. Nyani wakubwa, walifukuliwa shimo lilelile. Droo ya kumi na saba, mapaja kumi na manne."

"Na mimi nitautambuaje? Kwangu mfupa ni mfupa."

"Simama. Weka miguu pamoja. Magoti yamegusana?"

"Yamegusana."

"Nyonga je? Zimeachana. Basi paja lako halishuki wima, linakuja kwa mshazari mpaka goti likae chini ya mwili. Ndiyo maana unatembea huyumbi. Nyani huyo ni wa miguu minne, paja lake linashuka moja kwa moja. Chukua mfupa, usimamishe mezani kwa upande wa goti, ushike kwa kidole tu usianguke. Wa nyani utasimama kama mlingoti. Wa mtu utaegemea upande."

"Droo hiyo niliifungua kwa mikono yangu!" Sajenti alilalamika waliporudi stoo. "Mifupa mifupi mitupu. Mimi natafuta wa arobaini."

"Ndivyo ulivyotakiwa utafute."

Waliitoa mmoja mmoja, wakaipanga juu ya kitambaa cheupe. Sajenti alihesabu kumi na mitano. Akahesabu tena kwa kuanzia upande wa pili, ikabaki kumi na mitano. Futi Nne alivaa glavu, akausimamisha wa kwanza. Wima. Wa pili, wima. Wa tano, wa nane, wima kama askari wa gwaride. Wa kumi na moja uligusa meza kwa nundu zake mbili za goti, ukainamia kulia. Akauinua, akaurudisha. Ukainamia kulia tena, kama mtu anayesikiliza.

Aliutazama kwa makini. Mistari miwili myembamba ya gundi ya kahawia. Ubavuni namba ya nyani, kwa wino mweusi. Alipougusa wino kwa ncha ya kucha ukabanduka. Kwenye mifupa mingine yote namba ilikuwa chini ya vanishi. Ndivyo fundi alivyofanya kazi, wino kwanza, vanishi juu. Hii iliandikwa na mtu mwenye haraka, juu ya vanishi.

"Tumeupata!" Sajenti karibu aruke. "Twende tukamfungulie mzee."

"Tukamwambie mkuu nini? Kwamba upo droo nyingine, chumba kilekile ambacho fundi ana ufunguo wake? Atasema aliuficha humu aje auchukue baadaye."

"Wino je?"

"Atasema alikuwa na haraka." Futi Nne alitazama saa. Saa saba na dakika tano. "Mlete mzee hapa, umweke nyuma ya mlango. Halafu niitie Profesa, umwambie nataka maneno machache ya kufungia jalada."

Alichukua ile sponji ya kitanda, akailaza sakafuni chini ya ukingo wa meza, upande ambao mgeni hangeuona.

Profesa aliingia akiinamisha kichwa, kwa kuwa milango ya stoo haikujengewa watu wa futi sita. Alikuwa na sauti ya kupoza wagonjwa. Futi Nne alimkaribisha kiti mbele ya meza, na yeye, ajabu, akakaa.

"Samahani kwa vurugu hii ya nyani, Profesa. Sajenti wangu anapanga droo alizozivuruga."

"Hakuna neno, binti."

Alimwuliza habari za fundi. Profesa alimsifu, akamhurumia, akasema binadamu hakosi shetani wake. Alimwuliza habari za wageni wa Jumatatu. Profesa alisema itabidi wapewe kitabu tu, kwa masikitiko makubwa. Macho yake yalishuka mezani mara moja, yakapanda, na hayakushuka tena. Saa ya ukutani ilitembea dakika kumi na mbili. Futi Nne aliandika kila jibu taratibu, huku kiwiko chake kikisukuma kitambaa.

Paja la nyani lilibingirika, likaanguka puu kwenye sponji.

"Angalieni, jamani," alisema Profesa bila kuinuka.

"Pole." Akaandika mstari mwingine. Kiwiko kikasogea. Mfupa wa kumi na moja ukafika ukingoni, ukayumba.

Profesa alikuwa amesharuka. Kiti kilianguka nyuma yake, magoti yakagonga meza, na mfupa ukawa mikononi mwake, umebanwa kifuani kama mtoto aliyenusurika kisimani.

Futi Nne aliweka kalamu chini.

"Wa nyani huo, Profesa?" aliuliza Futi Nne.

"Kila mfupa ni... ni urithi."

"Ule wa kwanza uliuangalia tu." Akainuka. "Lakini sikukutegea kuanguka. Nilikutegea kukaa. Umeketi mbele yake dakika kumi na mbili. Mfupa ulioulilia redioni, unaoujua kuliko uso wako. Mtu mwingine yeyote anayeujua angeingia hapa apige kelele, huu hapa! Wewe umeniambia hakuna neno."

Profesa aliutazama mfupa. Alipozungumza, ile sauti ya wagonjwa haikuwepo.

"Singeuvunja. Nisingeweza. Nilitaka wageni waje, waondoke, basi. Miaka ishirini na miwili watoto wanasimama chini ya ile sanamu, wanainua macho. Nianze leo kuwaambia alikuwa kimo chao?"

"Na mzee?"

"Nilijua wangemwachia. Hana kosa lolote maishani mwake."

"Ndilo lililokurahisishia," alisema Futi Nne. Hasira ilimpanda mpaka masikioni. "Mtu mwenye futi sita zako, unamfunga rafiki yako kwa ajili ya sentimita kumi na mbili!"

Mlango ulifunguka. Fundi aliingia akiwa pekupeku, maana viatu vyake vilikuwa kaunta ya kituo. Profesa alimwona, akarudi nyuma hatua moja.

"Umewaambia," alisema.

"Sikuwaambia," alijibu fundi. "Siku mbili nilikuwa nakungoja useme mwenyewe."

Fundi aliuchukua mfupa mikononi mwa Profesa, polepole, akausogeza kwenye taa na kukagua maungio yote mawili. Akaikung'uta sponji vumbi, akairudisha kwenye droo, akaulaza mfupa shimoni. Uliingia bila kusukumwa. Alisukuma droo ikafunga, ndipo Sajenti akatoa pingu.

Saa nane kasoro dakika nne mkuu wa kituo alilipokea jalada, akalisoma kwa kusimama, akabadilisha jina moja kwa kalamu nyekundu. Mkongojo ulikuwa umeshaandikishwa kwa karani wa vielelezo, na karani hautoi bila sahihi ya mkuu, na mkuu alikuwa ameshaondoka na jalada kwenda kwa mwendesha mashtaka. Futi Nne alimfokea karani, karani akamwonyesha kanuni.

Fundi hakusubiri. Alivaa viatu vyake, akaenda kwenye benchi, akamgeuzia mkewe bega.

"Egemea."

Bibi alijiinua, akamshika, akamnusa shati kana kwamba anahakikisha ni yeye. Walianza kutoka, mmoja ameinamia kwa mwenzake, kibakuli kikiwa mkononi mwa mzee. Mlangoni bibi alisimama.

"Profesa ameambiwa umetoka? Mpigieni simu, wanangu. Jana aliniaga huku analia."

Sajenti aliangalia sakafu. Futi Nne aliwashikia mlango.

"Anajua," alisema fundi. "Twende nyumbani, chakula kimepoa."